Mbwa kupata jicho jeupe ghafla: pima damu kwanza kabla hujanunua dawa ya macho

Mkuu pole sana. Umesema mbwa wako ana siku nne hali chakula vizuri, amekonda, jicho la kulia limepata ukungu mweupe wa bluu-bluu, majirani wanakwambia umpulizie sukari kwenye jicho, na mwisho kabisa ukagusia kwamba wiki tatu zilizopita ulienda nae shamba huko Sikonge, huku huku mkoani Tabora. Hiyo Sikonge ndo imenifanya niandike, maana mi niko Tabora na haya haya yalinikuta kwa mbwa wangu Jeki, nikapoteza siku tisa nahangaika na jicho kumbe ugonjwa uko kwenye damu.

Jeki alikuwa anaongozana na kaka angu porini kwenye mizinga ya nyuki, na miombo yetu mnaijua, mbung'o wanakufuata hata ukiwa kwenye pikipiki. Alirudi mzima. Wiki kama mbili baadae akaanza kulala mchana kutwa, geti likigongwa anainua kichwa tu anakirudisha, Jeki huyo ambaye zamani mtu akipita barabarani tu keshafika getini. Halafu uso ukavimba kidogo, na asubuhi moja namwekea chakula nikaona jicho limekuwa kama kioo cha dirisha la bafuni, mboni huioni. Nikajua tu watoto wamempiga jiwe. Nikaenda duka la dawa nikauziwa matone ya macho ya binadamu, sikuulizwa chochote, siku ya tano jicho la pili nalo likaanza.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumuona hata jicho hakuanza nalo. Alimfunua mdomo. Akaniambia fizi ya mbwa mzima ni ya pinki, ukibonyeza na kidole panakuwa peupe, ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde mbili hivi. Za Jeki zilikuwa nyeupe kama karatasi kabla hata hajabonyeza. Akapapasa chini ya taya na nyuma ya magoti, tezi zimevimba kama korosho. Joto 40.3, wakati mbwa mzima anacheza kwenye 38 hadi 39 na pointi kidogo. Akatoboa ncha ya sikio, tone moja la damu kwenye kioo, akaniita niangalie kwenye darubini, nikaona vidudu vinajinyonganyonga katikati ya chembe za damu. Nagana, hii hii inayoletwa na mbung'o na kumaliza ng'ombe, ndugu wa malale. Kwa mbwa vimelea hivi vina tabia ya kuingia mpaka ndani ya jicho, ndo ule ukungu unautoa huko, sasa matone ya juu juu yatasaidia nini?

Sisemi kila jicho jeupe ni nagana, kuna kuchomwa na mwiba, kuna presha ya jicho, kuna virusi vya ini. Ila homa, fizi nyeupe na safari ya porini vikikaa pamoja, pima damu. Na wakikosa kitu mara ya kwanza omba warudie kesho yake, vimelea vinapanda na kushuka kwenye damu. Waambie waangalie na magonjwa ya kupe, hasa kama mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi.

Jeki alichomwa diminazini, ile dawa ya unga wa njano wanayochomwa ng'ombe, na hapa nakuomba sana mkuu uwe makini, mbwa lazima apimwe uzito kwanza, usikubali mtu akadirie kwa macho, dozi ikizidi inaharibu ubongo. Dawa zetu za maumivu kama diklofenaki usimpe hata nusu kidonge, na hiyo sukari waambie hapana, itamkwangua jicho bure. Mi nilikuwa nampa maini ya kuchemsha na mchuzi wa dagaa usio na chumvi, kidogo kidogo. Siku ya tatu akabweka. Jicho moja lilisafika lote, lingine limebaki na kovu dogo kama punje ya mchele, lakini anaona.

Nagana haina chanjo, kwa hiyo Jeki sasa haendi tena mizingani, kaka alinuna lakini ndo hivyo.

Jambo moja kabla hujamgusa. Kama hajachanjwa kichaa cha mbwa na unaona udenda unamtoka, sauti imebadilika, hawezi kumeza au amekuwa mkali asivyokuwa, usimfunue mdomo kabisa, mfungie peke yake umpigie daktari wa mifugo. Akishakung'ata osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, siku hiyo hiyo uende hospitali.

Kama hana hizo dalili, kesho asubuhi kukiwa na mwanga mzuri mwinue mdomo uangalie fizi. Zikiwa nyeupe usingoje Jumatatu, mbebe hata kwenye bajaji, na majibu ya damu uyaweke hapa tuyaone.