Hadithi kwanza au majaribio kwanza?
Mwalimu, umeuliza uanze na hadithi au kazi za mikono kwa watoto wa miaka 5 hadi 7 maktabani. Mimi naanza na hadithi, ila fupi, dakika 10 hivi, na naikatiza panaponoga: mashua inazama, nahodha anapiga mayowe! Hapo natoa beseni la maji na udongo wa kufinyangia. Donge linazama chubwi; udongo uleule ukifinyangwa kama bakuli unaelea, maana sasa unasukuma maji mengi zaidi. Waache wapakie gololi mojamoja mpaka chombo kizame. Ukirudi kwenye hadithi, wenyewe watakuambia nahodha atupe mzigo gani. Matambara yawe karibu, lakini. Watalowa hadi viwiko.