Mwanangu hujificha chini ya meza kwenye tiba ya usemi. Nimpe mabuyu?

SWALI: Mwanangu ana miaka mitano, na kila wiki tunavuka feri kumpeleka tiba ya usemi. Anakaa dakika chache tu, kisha anarusha kadi za picha na kuingia chini ya meza. Nikimpa mabuyu au simu anatulia. Nyanyake asema namhonga. Nifanyeje? – Mama, Likoni

JIBU: Mama, nyanyake ameona jambo la kweli, ila kosa haliko kwenye zawadi. Liko kwenye wakati. Mtoto akipewa mabuyu akiwa chini ya meza, anajifunza kwamba chini ya meza kuna mabuyu, na wiki ijayo ataingia mapema zaidi. Mwahidi zawadi kabla hajaanza, umpe papo hapo akishataja picha moja, na hapo atakuwa amelipwa kwa kazi yake.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, David Premack, alieleza kwamba jambo lisilopendwa sana hufanywa zaidi likifuatwa na linalopendwa. Kwa mtoto ambaye maneno bado yanamsumbua, mwonyeshe kwa macho: chora picha mbili kwenye karatasi, kushoto kazi, kulia zawadi. Gusa kila picha kwa kidole ukisema: “Kwanza kadi, kisha mapovu.”

Naam, mapovu ya sabuni. Mabuyu ningeyaacha kabisa kwenye tiba ya usemi. Mtoto anaifyonza kokwa moja muda mrefu, mdomo umejaa, na kazi tuliyoijia ni kusema. Tena kokwa yaweza kumpalia, hasa akilia nayo mdomoni. Simu nayo, kila ukiichukua ni vita vipya. Mapovu yanapasuka kwa sekunde chache na hakuna cha kumnyang’anya. Shika kijiti, mtazame, ngoja. Akisema “tena”, hata “te” tu, puliza mara moja. Kule kuomba kwenyewe ni mazoezi ya usemi.

Sifa pia iwe na jina. “Umesema ‘paka’ vizuri!” inamwambia alichofanya, “mtoto mzuri” haimwambii.

Lakini kwanza mwulizeni mtoto, kwa kumtazama, anakimbia nini. Kama mmesimama kwenye foleni ya feri juani na amefika na njaa, hakuna zawadi itakayosaidia. Mpe maji na chakula, au ombeni nafasi ya asubuhi. Kama anarusha kadi zile ngumu pekee, mwambie mtaalamu wenu aanze na anazozimudu. Na mfundisheni njia ya kuomba mapumziko: kadi moja yenye picha ya mkeka, akiitoa anapumzika dakika moja bila kugombezwa, kisha anarudi. Mtoto mwenye njia ya kusema “nimechoka” hana haja kubwa ya kurusha vitu.

Jitayarishe: ukiacha kumpa zawadi kwa kulia, kilio huenda kikazidi kwanza kabla ya kupungua. Ukilegea pale kilipopanda, umemfundisha kulia kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo wewe, nyanyake na mtaalamu mkubaliane mapema. Kilio cha maumivu au ugonjwa ni kingine. Hapo simamisheni kazi.

Akizoea kadi moja kwa mapovu, iwe mbili, kisha nne. Msiruke kutoka moja hadi kumi kwa sababu leo alikuwa na siku njema.