Kivuli cha Mbuyu Hakina Rangi Nyeusi

Wiki iliyopita nimeuza picha ya mbuyu niliyoificha nyuma ya kabati miaka mitatu. Siku hiyohiyo kijana wa Kondoa akaniandikia: "Kaka, kila nikichora kivuli kinageuka matope. Nakosea wapi?" Mdogo wangu, mimi nimepita hapohapo.

Picha ile iliagizwa na ofisi moja hapa Dodoma. Niliichora kwa nukta tupu, kama mchoraji Mfaransa Georges Seurat, aliyekaa na picha moja ya watu wanaopumzika kando ya mto Seine tangu 1884 hadi 1886. Udongo wetu mwekundu niliujaza nukta za machungwa, waridi na njano. Kivuli cha saa tisa alasiri nikakitia nukta za buluu na zambarau katikati ya zile za machungwa, nyeusi sikuigusa. Buluu na machungwa ukizikoroga unapata kahawia iliyokufa. Ndiyo hayo matope yako. Ukizipanga bega kwa bega, kila moja inaiwasha nyingine. Mkemia Mfaransa Chevreul alilieleza jambo hili, la rangi jirani kubadilishana sura, katika kitabu cha 1839, baada ya watu kulalamika kwamba nyuzi nyeusi za Gobelins, kiwanda cha Paris cha kufuma mapambo ya ukutani, zimefifia. Kumbe dawa ya kutilia nyuzi rangi haikuwa na kosa, rangi jirani ndizo zilizozififisha.

Mkubwa wa ile ofisi aliyekuja kuipokea picha alisogeza uso hadi pua ikakaribia kitambaa. "Mbona ina surua?" Wenzake wakacheka. Salio sikulipwa, na inaniuma mpaka leo.

Lakini nukta nazo zina masharti. Jaribio langu la kwanza nilitia nukta ndogo kama punje za uwele. Nikiwa mbali, buluu na machungwa zikamezana zikawa majivu. Picha ya kutazamwa kwa hatua kumi inataka nukta kubwa, kama punje za mahindi. Kwa hiyo chora, rudi nyuma, tazama. Vijana mnainamia kitambaa kutwa nzima halafu mnalaumu rangi. Rudini nyuma! Na hiyo nyeusi ya kopo wekeni kando, mkakae chini ya mbuyu mchana mkitazame kivuli chenyewe kwa subira.

Mama aliyeinunua aliiona akiwa ng'ambo ya barabara, nimeiegemeza mlangoni nikifagia. Akavuka, akauliza kwa nini udongo unawaka. Nikamwomba arudi palepale alipokuwa, atazame tena.