Maswali yenu kuhusu kuzuia watu kujiua vijijini

Barua nilizozichagua safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: wanakijiji wenyewe wafanye nini pale ambapo hospitali iko mbali na daktari wa magonjwa ya akili hayupo kabisa?

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Tukimuuliza mwenzetu kama anafikiria kujiua, hatutamtia wazo ambalo hakuwa nalo?

Hapana. Tafiti zilizolichunguza swali hili hazikuona kwamba kuuliza kunaongeza hatari, na baadhi ya walioulizwa walipata nafuu. Mwenye wazo hilo huwa amelibeba peke yake kwa muda, na swali humpa nafasi ya kulitua. Anza na ulichokiona kwa macho yako: "Naona mwezi wa pili huu huji kikundini, na juzi umegawa vitu vyako bila sababu." Kisha tamka neno lenyewe: "Je, umefikiria kujiua?" Usiseme "Huna mawazo mabaya, sivyo?", kwa sababu swali hilo limekwisha kujijibu, naye atakupa jibu unalotaka kusikia. Akikubali, msikilize bila kumkaripia wala kumhubiria, halafu umuulize kama amepanga namna na wakati. Mwenye mpango haachwi peke yake, hata kwa usiku mmoja, mpaka afikishwe kwa mhudumu wa afya.

Kijijini kwetu karibu kila nyumba ina dawa za kuua wadudu wa mazao. Tunachanga fedha tununue makasha ya kufuli kwa kila kaya. Mpango huu unafaa?

Nia ni njema, lakini mimi ningezitumia fedha hizo kwingine. Makasha kama hayo yalijaribiwa katika vijiji 180 vya Sri Lanka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonyesha kwamba yalipunguza matukio ya watu kunywa sumu. Ukitafakari, si ajabu sana, maana ufunguo hubaki mikononi mwa watu wa nyumba ile ile. Kilichobadilisha hali katika nchi hiyo ni serikali kuviondoa sokoni viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, hatua kwa hatua, kuanzia miaka ya 1980 na kuendelea. Kati ya mwaka 1995 na miaka ishirini iliyofuata, kiwango cha watu kujiua kilishuka kwa takriban asilimia 70, na mavuno hayakuporomoka. Korea Kusini nayo ilipopiga marufuku dawa moja ya magugu mwaka 2012, vifo vya kujiua kwa viuatilifu vilipungua kwa karibu nusu katika muda mfupi.

Sababu yake ni kwamba hamu ya kufa hupanda na kushuka, na aghalabu kilele chake hakidumu. Mtu akiipita saa ile bila kukipata chenye kuua, uwezekano wa kuishi ni mkubwa, kwani takriban watu tisa kati ya kumi walionusurika hawafi baadaye kwa kujiua. Kwa hiyo ushirika wenu unaweza kununua dawa zenye sumu hafifu, kwa kiasi cha msimu mmoja tu, na kuzitunza katika ghala la pamoja lililo mbali na makazi. Anzeni na ile chupa ya soda yenye mabaki ya dawa iliyosahauliwa chini ya kitanda. Wenye maduka ya pembejeo nao waelezwe kwamba mteja asiye na shamba, au anayenunua huku akilia, hauziwi; hukalishwa na kuzungumza naye.

Kijana wa jirani alijaribu kujiua akaokolewa. Familia inaficha kwa kuogopa polisi na aibu. Tuwaache?

Msiwaache, kwa kuwa jaribio lililopita ni miongoni mwa dalili kubwa za hatari. Hofu ya polisi ina msingi, kwani zipo nchi ambazo bado zinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ingawa Guyana ilifuta kosa hilo mwaka 2022, na Ghana na Malaysia zikafuata mwaka 2023. Mhudumu wa afya aelezwe kwa siri, naye amtembelee. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, matokeo yake yakatolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mazungumzo ya saa moja kabla ya mtu kutoka hospitali, pamoja na kumtembelea au kumpigia simu mara tisa katika miezi 18, vilipunguza vifo vya kujiua. Hakuna mtambo uliohitajika.

Tutangazeje msiba wa aliyejiua?

Kwa kifupi na kwa heshima. Msitaje njia wala mahali, msisambaze picha, wala msidai kwamba ni deni au mapenzi peke yake yaliyomuua.

Watu wasio na elimu ya udaktari wanaweza kweli kusaidia?

Wanaweza, wakifunzwa na kusimamiwa. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi kukaa kwenye benchi na mwenye dhiki, wakachagua tatizo moja na kulitafutia njia. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita. Mpango huo ulianzia mjini, ambako kliniki iko hatua chache kutoka kwenye benchi. Kijijini itawabidi mkubaliane mapema ni nani atakayepigiwa simu usiku wa manane, pikipiki itakayotumika ni ya nani, na mafuta yake yatalipwa kutoka mfuko upi.