Mkuu usibandike elektrodi pale kwenye kifundo cha mkono, mimi palinizika

Mleta uzi, simama hapo hapo. Umesema unataka kupima EMG, yaani umeme wa misuli, mtu akichezesha kidole kimoja kimoja, elektrodi unabandika juu kidogo ya kifundo "maana ndo karibu na vidole", halafu ukauliza bodi gani ya kusomea mawimbi ununue na programu gani. Bodi baadaye.

Pale kwenye kifundo hakuna nyama ya maana, kano tupu. Msuli unaokunja kidole uko huku juu, pale mkono unaponenepa chini ya kiwiko, kule chini zinapita kamba zake tu. Mimi nilimsikiliza jamaa mmoja wa video, anaongea kwa kujiamini balaa, "bandika popote mkononi, kifaa kitasoma". Popote! Natamani nikutane naye stendi ya Nanenane siku moja tu, asiwe na haraka.

Basi nikarekodi watu 11, wiki tatu nzima, ghetto kwangu Nkuhungu, elektrodi za kutumia mara moja naagiza Dar zinakuja na basi, na kila anayekuja kupimwa anataka soda. Mawimbi yalivyokuwa mazuri nikapiga picha nikamtumia mama. Kidole kikikunjwa linapanda, kikinyooshwa linashuka, safiii. Siku ya kumuonyesha msimamizi akaniuliza kitu kimoja tu, umekata kila kilicho chini ya Hz 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde? Nikakata palepale mbele yake. Wimbi likalala kama chapati. Kumbe lile panda shuka lilikuwa ngozi inavutwa na kano na waya unatikisika, na kilichobaki ni mvumo wa Hz 50 wa umeme wa ukutani kwa sababu laptopu muda wote ilikuwa kwenye chaja. Wiki tatu nimepima soketi mkuu. Msimamizi hata hakucheka, afadhali angecheka.

Sasa sikia, PAPASA KWANZA. Mshike mtu mkono, mwambie akunje au anyooshe kidole cha pete peke yake, tembeza vidole vyako mpaka usikie nyama inajikaza chini yake, weka alama na peni, hapo ndo unabandika mbili kufuata urefu wa msuli, kati yake sentimita 2, ile ya tatu, ya kulinganishia, kwenye mfupa wa kiwiko. Hujasikia nyama, hubandiki. Anza na upande wa mgongo wa mkono, misuli ya kunyoosha vidole iko juu juu, ile ya kukunja imelaliwa na wenzake, utatega mmoja unasa na majirani. Na usimwambie mtu atanue vidole ukategemea kuona kitu huku juu, kazi hiyo ni ya misuli ya kiganjani.

Halafu mwezi huu wa saba Dodoma nani hajapaka mafuta asipauke? Elektrodi yangu moja ilibanduka ikatumbukia kwenye chai ya mtu. Futa mkono kwa spiriti, subiri ukauke.

Bodi... yoyote inayosoma mara 1000 kwa sekunde kwenda juu na inayokupa wimbi ghafi, sio iliyokwisha kulainishwa, maana iliyolainishwa ndo inaficha soketi. Na laptopu chomoa chaja. Programu uliuliza ipi vile?

Kuna mtu umeshambandika mpaka sasa? Nijibu kabla hujatoa hela ya soda.