Kuachia kompyuta iainishe nyaraka za maktaba: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama ipo programu ya kumwagia faili zote za maktaba, izipe yenyewe namba za Dewey, zile za kupanga vitabu kwa mada, wewe ukalale. Ya kukusaidia ipo. Ya kukuacha ulale sijaiona.

Nami nilianza hivyohivyo: ripoti za skani zimerundikana, wakutubi wawili tu. Nikachukua nyaraka zilizokwisha kuainishwa kwenye katalogi nikaifundishia kompyuta kwa TF-IDF, njia ya kupima uzito wa maneno. Neno linalojirudia kwenye waraka mmoja lakini ni adimu kwingine hupewa uzito, kisha waraka mpya unalinganishwa na wa zamani. Ni njia ya kizamani, ila kompyuta ya kawaida inaimudu.

Matokeo ya kwanza yalinivimbisha kichwa. Kumbe zaidi ya nusu ya katalogi yetu ilikuwa 300, sayansi za jamii, kwa hiyo hata programu inayobandika 300 kila mahali ingeonekana hodari! Nilipokagua makundi madogo, nikakuta mwongozo wa kuezeka nyumba umetupwa 599, kwa mamalia, badala ya 695. Nikaufungua: paa, paa, paa, kila ukurasa. Wewe unajua paa la nyumba siye paa wa porini kwa sababu ya hiyo "la" na "wa". Mimi nilikuwa nimeiagiza programu ifute maneno madogo yote kabla ya kuhesabu, maana ndivyo miongozo ya Kiingereza inavyosema. Nilifuta ngeli kwa mkono wangu.

Halafu viambishi. Kulima, walilima, hailimwi, mkulima, kilimo: kwa mashine inayohesabu maneno mazima, hao ni wageni watano wasiojuana. Niliacha kuhesabu maneno pekee, nikaongeza vipande vya herufi tatu hadi tano, "lim" ikawaunganisha wote. Hilo lilinisaidia kuliko kubadilisha modeli, yaani ile njia ya mashine ya kujifunza, mara tatu.

Ila kilichonila muda ni katalogi yenyewe. Kuna mtu huko nyuma alizipeleka ripoti za uvuvi 597, kwenye samaki kama viumbe, wakati uvuvi una 639.2 yake. Mashine ikamwiga kwa utiifu wa ajabu. Tukasafisha kwanza, tukafundisha upya.

Siku hizi natumia Annif, programu ya Maktaba ya Taifa ya Ufini ya kupendekeza mada. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na unaifundisha kwa nyaraka zako na msamiati wako, yaani orodha ya mada unazotumia. Inatoa mapendekezo, kila moja na alama zake, mkutubi anachagua. Alama zikiwa chini ya kiwango tulichoweka, waraka unasomwa na mtu tangu mwanzo.

Kwa hiyo kabla hujapakua chochote, hesabu una nyaraka ngapi katika kila kundi. Yale yenye mbili tatu usiyafundishie, yaainishe kwa mkono. Na hizo faili zako, maandishi yake yanachagulika au ni picha tupu? Kama ni picha, anzia hapo: zigeuze kuwa maandishi kwanza, maana programu inahesabu maneno.