Maswali ya Wasomaji: Moyo Unapodunda Usiku

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, wahariri. Tangu nibatizwe, nyumbani wamenitenga. Hata sahani yangu imewekwa kando, na baba ameapa kunifukuza. Mchana najikaza, ila usiku moyo unanidunda hadi nashindwa kuomba. Je, imani yangu ni ndogo? (Binti, miaka 22)

JIBU: Asifiwe milele, na pole sana, binti yetu. Hofu haimaanishi kwamba imani imekwisha. Kule Gethsemane Bwana mwenyewe alifadhaika na kuhangaika, akaomba maneno yale yale mara 3. Kwa hiyo usione haya kurudia ombi moja usiku kucha.

Moyo ukianza kudunda, usiendelee kulala ukipigana nao. Keti, miguu iguse sakafu, kisha uvute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, kwa dakika chache. Mwili ukitulia kidogo, fungua Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Katika mistari 2 ya kwanza Daudi analalamika, na anamuuliza Mungu “hata lini” mara 4. Mistari 2 inayofuata anaomba: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Mwishoni ndipo anasema amezitumainia fadhili za Mungu. Tazama vizuri: hakuna mahali panaposema adui ameondoka. Kilichobadilika ni kwamba Daudi ameyasema yote mbele za Mungu.

Fuata mpangilio huohuo kwa maneno yako. Taja jambo lenyewe: “Bwana, leo wamekula bila kuniita.” Omba kitu kimoja cha kesho, si cha mwaka mzima. Kisha malizia na mstari unaoujua kwa moyo. Wengi hukosea hapa: wanaruka malalamiko na kukimbilia shukrani kwa sababu wameambiwa Mkristo halalamiki. Uchungu usiosemwa haupotei. Hurudi saa nane za usiku.

Mistari ya kukariri uiandae sasa, maana siku ya kunyang'anywa Biblia huwezi kuanza. Mistari 2 kwa juma inatosha. Iandike kwenye kikaratasi, uiseme asubuhi, adhuhuri na jioni, kama Danieli alivyoomba mara 3 kwa siku. Anza na Zaburi 56:3, “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe,” halafu Wafilipi 4:6-7. Paulo aliandika Wafilipi akiwa kifungoni, na neno alilotumia pale tunaposoma kwamba amani “itawahifadhi” mioyo yenu ni la askari wanaolinda mji. Askari hulinda mji hatari ikiwa bado ipo nje. Tena usikariri mistari ya ushindi peke yake. Anayejua ahadi za kuokolewa tu hutikisika sana wokovu unapochelewa.

SWALI: Nikiondoka, si nitakuwa nimemkimbia Bwana? (Binti huyohuyo)

JIBU: Hapana. Mathayo 10:23 ni agizo la Yesu mwenyewe: wakiwafukuza katika mji huu, kimbilieni mwingine. Paulo aliteremshwa ukutani mwa Dameski ndani ya kapu. Askofu Cyprian wa Carthage, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, alijificha mwaka 250 wakati wa mateso, akaendelea kulilea kanisa kwa barua. Mwaka 258 aliuawa kwa ajili ya imani. Ni mtu yuleyule.

Maneno ya kuumiza yanaweza kuvumiliwa kwa muda. Ukipigwa, ukifungiwa ndani au ukitishiwa kuuawa, ondoka. Kabla ya hapo, vitambulisho na vyeti viwe pamoja, na nakala zake azitunze mtu unayemwamini. Watu 2 wajue utakakokwenda, wasizidi. Mipango ya namna hii huharibika kwa upendo: mtu anaitangaza kwenye kundi la maombi la WhatsApp, na kabla ya jua kuzama imefika nyumbani.

SWALI: Kazini nanyanyaswa kwa sababu ya wokovu. Je, nikishitaki nitakuwa nimekosa upole? (Ndugu wa kiwandani)

JIBU: Kwanza jipime, ndugu, kwa 1 Petro 4:15. Petro anaorodhesha mwuaji, mwivi, mtenda mabaya, kisha anaongeza anayejishughulisha na mambo ya watu wengine. Ukihubiri saa za kazi huku mashine imesimama, onyo utakalopewa si mateso ya Kristo. Ukiwa safi, andika kila tukio siku hiyohiyo: tarehe, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Kisha upeleke malalamiko kwa utaratibu. Kule Filipi Paulo alikataa kutolewa gerezani kwa siri. Alitaka wakuu waje wenyewe, kwa kuwa walimpiga yeye, raia wa Rumi, bila hukumu. Kudai haki hakumzuii mtu kumwombea mkubwa wake kwa jina.

SWALI: Nilitishwa, nikasema mimi si Mkristo. Naweza kurudi? (Ameomba asitajwe)

JIBU: Ndiyo, mpendwa. Mwaka 250, chini ya Kaisari Decius wa Rumi, Wakristo wengi walitoa dhabihu kwa miungu au walinunua vyeti vya kuonyesha kwamba wametoa. Kanisa lilibishana sana juu yao, lakini mlango wa toba ukaachwa wazi.

Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa, Yohana 18. Katika sura ya 21 Yesu anamngoja pwani penye moto wa makaa, na kumwuliza mara 3 kama anampenda. Hakumdai maelezo. Wewe nawe mwambie Mungu ulichosema, kwa maneno yaleyale uliyoyatumia, halafu umwambie mzee mmoja wa kanisa anayejua kutunza siri. Usiende kujitangaza mbele ya waliokutisha ili kufuta aibu. Hiyo ni kujiadhibu, na inaweza kuwaponza wengine. Kuhusu Meza ya Bwana, fuata utaratibu wa kanisa lako, hata ukiambiwa usubiri kidogo. Jumapili hii nenda ukaketi mahali pako pa siku zote.